Simu Kwenye Kapu la Korosho
Saa tatu usiku simu zote za nyumbani kwangu Mikindani huingia kwenye kapu la korosho, yangu ikitangulia. Tulianza siku mwanangu wa darasa la saba aliponiuliza, "Mama, huyu mtu amechinjwa kweli?" Kaka yake alikuwa amerushiwa video ya Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma, ambako kuna vita tangu 2017. Oktoba 2020 wavamizi walivuka mto wakashambulia Kitaya, upande wetu. Kwetu ile si sinema. Jirani zangu Waislamu nao huwafutia watoto wao video hizo hizo.

Kwanza nilimnyang'anya kaka mtu simu. Akahamia kutazama kwa rafiki yake.

Ndipo nikamkumbuka bibi yangu wa Masasi na hadithi zake za jando la kanisa. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Kianglikana huko kuanzia 1926, hakulipiga jando marufuku. Alijua vijana wangelifuata porini kwa siri. Tohara ikabaki, mafunzo yakabaki, matambiko yakapisha sala, na padri akawa pale pale kambini.

Pale pale: hapo ndipo niliponasa. Sasa Jumapili, baada ya ibada, tunakaa barazani kila mtu anaonyesha alichorushiwa. Nani kakitengeneza? Anataka nini kwetu?

Juzi ilikuwa zamu yangu. Nikaonyesha nabii anayeuza mafuta ya upako kwa shilingi elfu ishirini.

"Hukununua, Mama?" mdogo akauliza.

Nilikuwa nimeshatuma nusu.