Pembe Butu Juu ya Paa la Shule

Ukitoka mji wa Wajir kuelekea El Wak na Mandera, barabara inapitia Tarbaj. Kwenye nchi kavu na tambarare kama hii, paa la mabati huonekana kutoka mbali. Lisogelee la darasa lolote, usimame mbele ya ukuta wa ubavuni, utazame mbao mbili zinazopanda kutoka kushoto na kulia. Pale zinapokutana kileleni, mara nyingi pana pembe butu.

Pembe butu ni ile iliyozidi nyuzi 90 lakini haijafika 180. Mtoto anaweza kukariri sentensi hiyo asubuhi na jioni akakosa swali. Kosa kubwa huanzia kwenye kipimapembe: kina safu mbili za namba zinazokwenda kinyume, na mstari uleule husomeka 40 kwenye safu moja na 140 kwenye nyingine. Aliyezoea kusoma namba kabla ya kutazama umbo atachukua yoyote. Mfundishe aanze na kona ya daftari, ambayo ni nyuzi 90. Akiiweka kwenye pembe na mkono mmoja wa pembe ukabaki nje, hiyo ni butu, na jibu la 40 halina nafasi.

Sasa turudi kwenye paa, maana lina mengi. Tuseme kila upande umeinuka nyuzi 20. Mbao hizo mbili na mstari wa chini hufanya pembetatu, na jumla ya pembe tatu za pembetatu ni 180, basi kileleni zinabaki 140. Inua kila upande hadi 45 na kilele kinakuwa 90 kamili. Hapo ubutu umekwisha. Jumla hiyo ya 180 ndiyo sababu pembetatu haiwezi kuwa na pembe butu mbili: hizo mbili tu zingeshapita 180.

Somo hili linataka mwalimu. Februari 2018 walimu waliuawa katika shambulio kwenye Shule ya Msingi ya Qarsa, Kaunti ya Wajir, na wengi wasio wenyeji wakaondoka. Watoto hawakuwa na kosa lolote, lakini ndio waliobaki bila wa kuwafundisha. Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, iwape nafasi vijana wa huku waliosomea hisabati. Nawe fundi unayeezeka darasa, kabla hujapigilia mabati, waite watoto waje na vipimapembe vyao wapime kilele.