Majumba ya Frimasoni: kubwa kuliko yote, refu, na la ajabu zaidi

Kwa ukubwa, hakuna jumba la Frimasoni duniani linaloshinda lile la Detroit, Marekani. Lina vyumba 1,037. Jiwe lake la msingi liliwekwa Septemba 1922 kwa mwiko uleule alioshika George Washington mwaka 1793, siku ya kuweka jiwe la msingi la jengo la Bunge la Marekani. Lilifunguliwa 1926, wakati Detroit imeshiba fedha za viwanda vya magari. Wanachama wengi wa Frimasoni walipenda nguzo za Kigiriki au za Kimisri, lakini msanifu George D. Mason alichagua Gothiki, mtindo wa makanisa makuu ya Ulaya ya zamani. Alichagua vyema sana. Jengo zito namna ile lingeweza kukaa kama ghala, ila mistari yake iliyosimama wima hulinyanyua.

Si kila kitu kilikamilika: ukumbi mmoja wa maonyesho na bwawa la kuogelea viliachwa njiani. Mwaka 2013 jumba lilikuwa hatarini kupotea kwa deni la kodi la dola 142,000. Aliyelilipa ni mwanamuziki Jack White, mtoto wa Detroit, ambaye mama yake aliwahi kufanya kazi humo.

Kwa urefu nalitaja jumba la kumbukumbu ya Washington mjini Alexandria, Virginia, lililozinduliwa 1932. Mita 101. Lilijengwa kwa kufuata mnara wa taa wa Aleksandria ya Misri, na kwa mji wenye jina hilo ni vigumu kufikiria mfano unaofaa zaidi. Chicago nayo ilikuwa na jumba la ghorofa 21, refu kuliko majengo yote ya mji huo lilipokamilika 1892. Lilibomolewa 1939, na hasara hiyo bado inauma.

Milwaukee wana lao la 1928 lenye kuba, lililoiga Taj Mahal.

Lakini la ajabu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni la Philadelphia, lililozinduliwa 1873. James Windrim alishinda kazi ya kulisanifu akiwa kijana wa miaka 27. Kwa nje utaona ngome ya mawe, nzito na kali. Ndani mna kumbi saba, kila mmoja na mtindo wake: ukitoka katika ukumbi wa Gothiki unaweza kuingia katika ule uliofuata kasri la Alhambra la Hispania. Mapambo ya ndani, chini ya msanii George Herzog, yalichukua miaka mingi baada ya uzinduzi. Ukumbi wa Kimisri ulikamilika 1889, na hapo ndipo ustadi ulipofika kilele: hieroglifi zilizochorwa kutani si michoro ya kubuni. Anayejua Kimisri cha kale huzisoma na kupata maana. Jumba liko mkabala na ukumbi wa jiji, na wasio wanachama hupokelewa kwa ziara.