Galactica ya Kale na Galactica Mpya, Zilivyotazamwa Taru

Juma lililopita nilikaa siku tatu Taru, kwa mpwa wangu mwenye mkahawa wa chai kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, baina ya Samburu na Mackinnon Road. Usiku, madereva wa malori wanapojinyoosha, yeye huwasha televisheni. Basi tukatazama, hata adhana ya alfajiri ikatukuta macho, sehemu za mwanzo na za mwisho za mchezo wa Kimarekani uitwao Battlestar Galactica, ule uliotengenezwa upya baina ya mwaka 2003 na 2009. Ule wa asili, wa 1978, niliuona Mombasa kwa kaseti za video nikiwa kijana, na miaka yote hii nimekuwa nikiapa kwamba hautapata mwenziwe.

Kwa asiyeujua, hadithi ni hii. Watu wa makoloni kumi na mawili ya mbali huko angani wana uadui wa zamani na mashine ziitwazo Cylon. Wakidhani vita vimekwisha, wanashambuliwa ghafla na miji yao inateketezwa. Walionusurika wanakimbia kwa vyombo vya kila namna, wakilindwa na manowari moja ya angani, Galactica, chini ya kamanda Adama. Wanakwenda kuitafuta sayari ambayo hakuna kati yao aliyewahi kuiona: Dunia.

Mchezo wa kwanza ulibuniwa na Glen A. Larson. Usiku wa 17 Septemba 1978, stesheni ya ABC ilipokuwa ikiuonyesha kwa mara ya kwanza, matangazo yalikatizwa ili watu waonyeshwe Jimmy Carter, Anwar Sadat na Menachem Begin wakitia sahihi makubaliano ya Camp David. Na ndani ya hadithi yenyewe, maangamizi yanaanzia kwenye mkataba wa amani wenye hila! Aliyebuni asingethubutu kupanga sadfa kama hiyo.

Katika mchezo huo wa kale adui ni adui. Cylon ni madude ya chuma yanayong'aa, yaliyoundwa na viumbe wengine kabisa, na binadamu hana lawama. Lorne Greene akiigiza Adama alikuwa kama babu wa kijiji: akisema, yamekwisha. Ilipendeza, lakini kila juma shida ilikwisha kabla ya kipindi kwisha, na baada ya msimu mmoja tu mchezo ukafungwa.

Ronald D. Moore, aliyeuandika upya, alibadili jambo moja lililobadili yote. Cylon wake waliundwa na binadamu wenyewe ili wawatumikie, nao wakaasi. Isitoshe, baadhi yao sasa wana sura ya watu, hata mwingine hajijui kuwa si mtu. Katika sehemu iitwayo Water, rubani mmoja anazinduka amelowa maji, na muda si muda matangi ya maji ya manowari yanalipuliwa. Kumbe ni kazi ya mikono yake mwenyewe. Mkahawa mzima ulinyamaza. Kwa mtu wa Taru, kumwagiwa maji ya kunywa si mchezo wa televisheni.

Hapo nilikubali kushindwa. Hata Starbuck, aliyekuwa mwanamume mwenye maringo na sasa ni mwanamke, Katee Sackhoff, nilimzoea baada ya saa moja. Richard Hatch, aliyekuwa Apollo wa kwanza na aliyepigania miaka mingi mchezo wa kale urudishwe, mwishowe aliingia katika huu mpya kama mfungwa wa siasa, na aliigiza vizuri kuliko alivyopata kuigiza ujanani.

Lakini kuna lililonikera, na nadhani litamkera Mwislamu yeyote. Katika mchezo mpya binadamu wanaabudu miungu mingi, na wanaomwamini Mungu mmoja ni zile mashine zinazoua. Mchezo ulitoka miaka miwili baada ya 11 Septemba 2001, na nilidhani nimekwisha kujua tunakopelekwa. Nilikosea. Mwaka 2006, majeshi ya Marekani yakiwa Iraq, mchezo ukageuza meza: binadamu ndio waliokaliwa kwa mabavu, na mmoja wao akajifunga mabomu. Dini yetu imekataza kujiua, na mchezo wenyewe haukulisifu tendo lile. Ila mtazamaji wa Marekani alilazimishwa kukaa kwa muda upande wa waliokaliwa, jambo ambalo taarifa zake za habari hazikumzoesha.

Tatizo langu kubwa ni mwisho. Wale wa kale, katika nyongeza ya mwaka 1980, walifika Dunia wakaikuta Los Angeles. Wapya wanafika miaka 150,000 iliyopita, na nyika wanayotua ni Afrika. Baadaye tunaambiwa mabaki ya mtoto wao Hera yamepatikana Tanzania. Picha zilipigwa Canada, lakini majani yale na wanyama wale vinakusudiwa viwe vya kwetu. Wanawatazama wenyeji kwa darubini na kusema hawa hawana lugha, tutawapa.

Mzee mmoja wa Kiduruma aliyekuwa akingojea chai aliuliza, "Na hao wageni, maji walionyeshwa na nani?"

Hakuna aliyemjibu. Joseph Thomson alipopita hapa mwaka 1883 akielekea Umasaini, msafara wake uliokolewa na ngurunga, yale mashimo ya mwambani yanayohifadhi maji ya mvua, na misafara ya Waswahili ilikuwa ikiyajua kabla yake, kwa kuwa wenyeji waliwaonyesha. Mchezo wenye akili kiasi hicho, uliojua thamani ya tangi moja la maji, ulipofika nyikani ulisahau kuuliza. Ule wa kale haukuwa na akili hiyo, ila haukututukana.

"Mjomba, hiyo ni sinema tu," mpwa wangu aliniambia.

Hata hivyo ameniomba nimletee ule wa kale aulinganishe mwenyewe. Kaseti zangu zote ziliota ukungu zamani, kwa hiyo itabidi atafute njia nyingine.