Ukerewe Ndani ya Kitabu

Wako watu wadhanio kwamba hadithi ya maana sharti izaliwe mjini, penye taa na magari. Sisi twawakatalia, na ushahidi wetu watoka Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria. Huko Mzee Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, aliandika kwa Kikerewe hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaimaliza mwaka 1945.

Kisa chenyewe si kigumu kukisimulia. Mume na mke wa zamani, kabla ya kuja Wazungu, hawana mtoto. Jamaa za mume wamsimanga mke, na wazazi wake wamrudisha kwao. Myombekere hakubali kuachana naye. Afunga safari kwenda ukweni kumwomba, naye atozwa pombe ya ndizi ndipo apewe mkewe. Baadaye mganga Kibuguma amtibu Bugonoka, wakajaliwa mtoto wa kiume, Ntulanalwo, kisha wa kike, Bulihwali.

Lakini mwenye kusoma kwa haraka ili ajue mwisho atachoka, maana kitabu kina kurasa zaidi ya 600. Pombe ile ya faini haitajwi tu na kupitwa: twaonyeshwa ndizi zinavyoivishwa, zinavyokamuliwa na kuchachushwa, na nani aitwe kusaidia. Mgeni akibisha hodi, salamu zaandikwa zote, swali na jibu. Twawasikia wengine wakinung'unika kwamba hadithi yasimama njiani. Sisi twaona hapo ndipo penye uzito wake. Mtu afanyaye kazi kwa mikono yake ajua kwamba kazi ina hatua, na kwamba kuruka hatua moja ni kuiharibu kazi yote. Mzee Kitereza aliipa kazi ya mkulima heshima hiyo hiyo ambayo waandishi wengine huwapa wafalme na vita vyao. Aliona desturi za wazee zikisahauliwa, naye akataka vijana wazikute mahali.

Wala mapenzi ya Myombekere si jambo dogo. Katika nchi ambamo mke asiyezaa alionekana kama shamba lisilo na faida, mwandishi amweka mbele mwanamume mwenye kumfuata mkewe kwa unyenyekevu, akivumilia kutozwa na kuchekwa.

Linalotusikitisha ni jinsi kitabu hiki kilivyocheleweshwa. Kikerewe ni lugha ya watu wachache, na mchapaji hakupatikana. Miaka ikapita, mswada umekaa. Mwishowe mzee mwenyewe, umri umekwisha kwenda, aliketi akaufasiri wote kwa Kiswahili, kazi ambayo kijana mwenye nguvu angeikimbia. Tanzania Publishing House ikautoa mwaka 1980, yaani miaka 35 baada ya kukamilika. Mwaka 1981 Mzee Kitereza akafariki, kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Baada yake Wajerumani walikifasiri kwa lugha yao katika miaka ya 1990, na mwaka 2002 Bwana Gabriel Ruhumbika, mwandishi na mwana wa Ukerewe vile vile, akatoa tafsiri ya Kiingereza aliyoichukua moja kwa moja katika Kikerewe. Sisi wasemaji wa Kiswahili tulikipata mbele ya hao wote, tena kwa mkono wa mtungaji mwenyewe. Je, ni wangapi kati yetu waliokwisha kukifungua?