Pigo Moja, Sauti Mbili

Msomaji mmoja anayepigia kwaya drams za umeme ameuliza: mbona sneya akiipiga mara moja inalia mara mbili, na akiigusa taratibu hailii kabisa? Ameshauriwa anunue padi mpya. Namwomba asubiri kidogo.

Ndani ya padi kuna kisahani chembamba cha shaba ya manjano kilichobandikwa kauri, kiitwacho pizo. Kauri hiyo ikikandamizwa au kutikiswa hutoa umeme. Tabia hii ilionyeshwa na ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, jijini Paris mwaka 1880, wakitumia fuwele. Ila pizo haijui kuhesabu. Kijiti kikigusa ngozi mara moja tu, kisahani hutetemeka na kuendelea kutetemeka, umeme ukipanda na kushuka mara nyingi, kila wimbi likizidi kufifia. Ni moduli, kile kisanduku chenye vitufe, inayoamua lipi ni pigo na lipi ni masalia.

Moduli ni kama mwenye nyumba anayesikiliza mlangoni. Mgeni akiita "hodi, hodi, hodi", wageni si watatu. Mwenye nyumba asiyelijua hilo ataandaa vikombe vitatu vya chai, na hapo ndipo sneya inapolia mara mbili. Akiamua kuziba masikio baada ya hodi ya kwanza, tatizo hilo linakwisha, lakini akiziba mno, mgeni wa pili aliyefika nyuma ya mwenzake ataachwa nje. Kwenye wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, ukigawa kila pigo mara nne, noti zinapishana kwa milisekunde 125, kwa hiyo kuziba masikio kwa milisekunde 10 hakuna hasara. Ukifika 40, vijiti viwili vinavyotua karibu pamoja, kwa makusudi, vitasikika kama kimoja.

Ipo njia nzuri zaidi, na ndiyo inayonifurahisha. Badala ya kuziba masikio, mwenye nyumba huinua kizingiti, yaani kile kimo ambacho wimbi lisipokivuka halihesabiwi. Pigo kubwa likiingia, kizingiti hupanda hadi karibu na kimo cha pigo lenyewe, kisha hushuka polepole, kama mteremko. Masalia ya mtetemo nayo yanashuka, hivyo yanabaki chini ya mteremko na hayahesabiwi. Kijiti kikitua tena kwa nguvu, wimbi lake linachomoza juu, nalo linapokelewa hapo hapo. Nakiita kizingiti shukizi. Jina "kizuia marudio" lingetaja kazi yake bila kuonyesha umbo lake, na uzuri wote uko kwenye umbo. Mteremko ukiwa mkali mno, masalia yanachungulia. Ukiwa mlegevu mno, noti laini inayofuata pigo zito inamezwa.

Sasa tuje kwenye padi ya msomaji. Hamisha waya wa sneya uutie kwenye padi ya tamu (tom), na wa tamu uutie kwenye padi ya sneya. Ugonjwa ukihamia tamu, kosa liko kwenye waya au moduli. Ukibaki kwa sneya, liko kwenye padi. Ifungue: tazama sponji inayogusa ngozi kama imebonyea, na lehemu ya nyaya za pizo kama imeachia. Ngozi ya wavu iliyolegea huzidisha mtetemo, basi ikaze sawasawa pande zote. Ikiwa sneya inalia unapopiga kiki, mtetemo unapita kwenye fremu. Hapo, kwenye moduli, ongeza kidogo kidogo kinga ya mwingiliano, inayozuia padi moja kuiamsha nyingine, usiguse kizingiti cha kawaida.

Noti laini zikipotea, shusha kizingiti cha kawaida hatua moja, upige, usikilize, kisha ushushe nyingine. Na kabla hujabadilisha namba yoyote, ipige picha skrini ya moduli kwa simu, uwe na pa kurudi.