Oili ya Boti Si Oili ya Jenereta

Ndugu zangu wa Pwani, mimi ni mwenzenu niliyehamia Nairobi. Natengeneza jenereta ndogo hapa Soweto West, Kibera, zile ambazo vinyozi huziwasha stima ikipotea. Wavuvi wa kwetu hunipigia simu kuuliza lile lile ambalo vinyozi huniuliza: petroli nichanganye na oili gani, na kiasi gani?

Kwanza hakikisha injini yako inataka mchanganyiko. Ikiwa ina kifuniko cha oili mbali na cha petroli, pamoja na kijiti cha kupimia, hiyo ni ya stroki nne. Itie petroli tupu. Stroki mbili ya kawaida haina pa kuwekea oili. Pistoni, ringi na beringi hulainishwa na oili iliyomo ndani ya petroli tu. Ikipungua, chuma husagana na chuma, joto hupanda na mashine hunoki.

Kipimo fuata kitabu cha injini, usifuate mazoea. 50 kwa 1 maana yake ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli. Mtungi wa lita 20 unataka mililita 400. 25 kwa 1 ni maradufu, yaani mililita 800 kwa mtungi huo. Kuzidisha nako kuna hasara: moshi hujaa, plagi hushika masizi, nguvu hupungua.

Aina ya oili ndipo wengi wanapoteleza. Mashine ya boti hupozwa na maji, na kopo la oili yake huandikwa TC-W3. Jenereta hupozwa na upepo, silinda yake huwa moto zaidi, kwa hiyo hutaka oili iliyoandikwa JASO FC au FD. Oili ya gari, hata ikiwa mpya, ina dawa zinazoacha majivu zikiungua. Oili chafu ndiyo mbaya kabisa.

Wako wanaoniuliza kuhusu mafuta ya mbarika, wakisikia kuwa hutumika kwenye injini za ndege ndogo za kurushwa kwa rimoti. Ni kweli. Lakini nyingi za injini hizo hutumia methanoli, na oili hufika karibu sehemu ya tano ya mafuta yote. Mbarika huchanganyika vizuri na methanoli na kustahimili joto kali. Kwenye petroli haichanganyiki vyema, basi usiitie kwenye boti. Na methanoli ni sumu inayopofusha na kuua. Isiwekwe kwenye chupa ya soda.

Ukichanganya, tia nusu ya petroli, kisha oili yote, tikisa, ndipo ujaze. Tumia kopo lenye mistari ya kupimia. Kinyozi jenereta ikimfia hupoteza wateja wa jioni. Mvuvi mashine ikimfia nje ya mwamba, kusi likivuma, hana fundi wa kumwita.