Makaa ya Mawe ya Rukwa na Umeme wa Mpanda

Kwa miongo mingi mji wa Mpanda ulikuwa nje ya Gridi ya Taifa, ukipata umeme wake kwa majenereta ya dizeli. Dizeli hiyo ilisafiri kutoka pwani hadi mwisho wa nchi, ilhali upande wa Sumbawanga, katika mkoa jirani wa Rukwa, makaa ya mawe yamelala ardhini. Basi ni haki ya mwanachama mwenye mashine ya kukoboa mpunga kuuliza: kwa nini makaa hayo hayakuchomwa Mpanda?

Yafaa kwanza ifahamike jinsi mtambo wa namna hiyo unavyofanya kazi. Makaa ya mawe (yasichanganywe na mkaa wa miti) husagwa na kuchomwa katika tanuri kubwa. Joto lake huchemsha maji, na mvuke wenye nguvu husukuma mapanga ya turbaini, ambayo nayo huzungusha jenereta. Mvuke huo hupozwa ukawa maji tena, kwa hiyo mtambo hauwezi kukaa mbali na maji mengi. Kiasi cha theluthi moja tu ya joto hugeuka umeme, na katika mitambo midogo ni pungufu ya hapo. Mingine hupotea.

Hapo ndipo penye hesabu. Kilo moja ya makaa hutoa takriban yuniti 2 za umeme. Lita moja ya dizeli katika jenereta ya kawaida hutoa yuniti 3 na nusu hivi. Kufua megawati 1 kwa siku nzima, yaani yuniti 24,000, huhitaji lita zipatazo 7,000 za dizeli, uzito wa tani 6. Kwa makaa, kazi hiyo hiyo huhitaji tani 12. Kwa hiyo malori yangebeba mzigo maradufu kwa zaidi ya kilomita 200 kutoka Sumbawanga, na majivu yangebaki Mpanda yakitafuta pa kutupwa. Tena tanuri la mvuke haliwashwi na kuzimwa upesi kama jenereta. Hudai kazi ya mfululizo, nayo matumizi ya mji mdogo hupanda jioni na kushuka usiku wa manane.

Ndiyo sababu mitambo hii hujengwa mdomoni mwa mgodi. Kiwira, mgodi uliofunguliwa mwaka 1988 kwa msaada wa China, ulikuwa na mtambo wake wa megawati 6, ambao kwa hesabu ile ile ungemeza tani zisizopungua 70 kwa siku ukifanya kazi kwa uwezo wake wote. Mradi wa Mchuchuma, wilayani Ludewa, ulipangiwa megawati 600, nao pia uliwekwa palipo na makaa. Hata hivyo, umeme mwingi wa Tanzania hutokana na maji na gesi asilia, na makaa, ambayo kila yuniti yake hutoa hewani karibu kilo moja ya kabonidayoksaidi, hayajapata nafasi kubwa katika gridi.

Kilichokuwa rahisi kuletwa Mpanda, basi, ni umeme wenyewe. Njia ya msongo wa kilovolti 132 kutoka Tabora, kupitia Ipole na Inyonga, haihitaji lori wala barabara kavu wakati wa masika. Chama chenye kinu kitakachotegemea njia hiyo kiulize mapema kama nguzo za kijijini zimebeba nyaya za fezi tatu, kwani mota kubwa haizunguki kwa fezi moja.